Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini pH ya Tangi Langu la Samaki Haitulii?

SWALI: Ndugu mshauri, ninafuga gapi na moli wapatao ishirini katika tangi la kioo la lita 120 hapa Mwanza. Tangu mvua zianze ninabadilisha maji kwa kutumia maji ya mvua ninayokinga kutoka paani, kwa sababu hayana klorini. pH iliyokuwa 7.4 sasa inashuka hadi 6.0. Nilinunua dawa ya kupandisha pH. Nikiitia jioni inafika 7.5, lakini baada ya siku mbili imesharudi palepale. Wiki iliyopita, asubuhi baada ya kutia dawa, nilikuta samaki watatu wamekufa na wengine wanatweta juu ya maji. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa kupoteza samaki hao. Umepima pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka maji yanapozidi kuwa na tindikali, kwa uangalifu, lakini kuna kipimo kingine ambacho barua yako haikukitaja, nacho ndicho chenye jibu: ugumu wa kaboneti, ambao kwenye vifaa vya kupimia huandikwa KH. Hicho ni kiasi cha kaboneti na baikaboneti kilichomo majini, na kazi yake ni kuikamata tindikali kila inapozaliwa kabla haijaishusha pH. Tindikali hiyo huzaliwa kila siku katika tangi lolote lenye uhai, kwa kuwa samaki hutoa amonia, na bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, na katika kuigeuza huacha tindikali. Maji ya mvua hayana chochote cha kuikamata. Hata kabla hayajagusa bati, pH yake huwa karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya ukaa inayoyeyuka ndani yake.

Tafuta kifaa cha kupimia KH kwa matone. Unachukua mililita 5 za maji, unatia tone moja moja huku ukitikisa, na unahesabu matone mpaka rangi ya buluu igeuke kuwa ya manjano. Katika vifaa vingi tone moja ni digrii moja. Nilipopima maji ya mvua ya paa langu mwenyewe, buluu sikuiona kabisa: tone la kwanza tu lilitoa manjano. Nadhani ndivyo utakavyoona nawe. Kwa gapi na moli ningependa usishuke chini ya digrii 4.

Sasa nirudi kwenye vifo, maana hapo ndipo ninapotaka wasomaji wengine wasimame pia. pH inapokaa karibu na 6, bakteria wa chujio huzorota na amonia hujikusanya, ila karibu yote huwa katika hali ya amonia-ioni ambayo haiwadhuru samaki sana. Ukiipandisha pH ghafla, sehemu ya amonia hiyo hugeuka kuwa sumu. Katika maji ya joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 0.1 pH ikiwa 6, lakini hufikia takriban asilimia 5 pH ikiwa 8. Dawa yako ilipandisha pH kwa hatua moja na nusu ndani ya usiku mmoja, na kila hatua ya pH ni tofauti ya mara kumi. Kutweta kule juu ya maji ni dalili inayoendana na sumu hiyo. Kwa hiyo acha dawa, pima amonia kwanza, punguza chakula, na badilisha asilimia 10 tu ya maji kila siku mpaka amonia iishe.

Amonia ikishaisha, tumia beking soda ya kawaida ya dukani. Usichukue beking pauda, kwa maana hiyo imechanganywa na wanga na tindikali kavu. Wala usitumie magadi ya kupikia maharage, ambayo yana kaboneti kali inayorusha pH juu na mara nyingi huwa na floridi. Kijiko kimoja cha chai katika lita 50 huongeza KH kwa digrii 3 hivi. Kwa tangi lako, yeyusha nusu kijiko katika kikombe cha maji, mimina polepole karibu na mdomo wa chujio, na urudie kila siku kwa takriban wiki moja, ukipima KH kila mara. Kisha kila ndoo ya lita 20 ya maji ya mvua itiwe nusu kijiko na kukorogwa vizuri kabla haijaingia tangini. Hapo utapata digrii 4 hivi.

Beking soda haina kalisi, na moli wanaihitaji. Weka katika kifuko cha wavu, ndani ya chujio, konzi moja ya maganda ya kome wanayouziwa wafugaji wa kuku, baada ya kuyaosha mpaka maji yawe meupe. Ukiwa na shaka kama ni maganda au mawe tu, dondoshea siki: yakitoa povu, yana kaboneti. Maganda huyeyuka polepole, na huyeyuka zaidi maji yanapoelekea kwenye tindikali.

Pima saa ileile kila siku. Tangi lenye mimea huwa na pH ya chini alfajiri na ya juu alasiri, na mabadiliko hayo madogo hayahitaji dawa yoyote.

SWALI: Maji ya kisima changu hapa Mombasa yana pH 8.2. Ninataka kufuga samaki wa neoni, nami nimekuwa nikitia siki ili ishuke hadi 6.5, lakini hurudi juu kila mara.

JIBU: Kisima chako kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, kwa hiyo KH yako ni kubwa na siki yote inaliwa. Ukiendelea kuongeza, siku KH itakapokwisha pH itaporomoka kwa usiku mmoja, na kabla ya hapo bakteria wanaokula siki watakuwa wamemaliza oksijeni. Maji hayo ni mazuri mno kwa moli, na kwa sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH ya karibu 9. Kama moyo wako uko kwa neoni, kinga maji ya mvua, uyachanganye na ya kisima ndani ya pipa mpaka KH ifike 3, ndipo uyamimine tangini.