Kalavati la kijijini: usirudishie bomba lile lile

Ndugu, umesema bomba la kalavati, lile la kupitisha maji chini ya barabara, la upana wa sentimita 60, limepasuka, kila masika maji yanapita juu ya barabara, na unauliza kama uweke mawili ya namna hiyo. Mimi nisingeweka. Mabomba madogo mawili hunasa magogo na mabua pale katikati. Moja likiziba, mmerudi pale pale. Weka moja kubwa. Takataka zilizonasa vichakani zitakuonyesha mafuriko hufika wapi, kipimo kitokane na hapo. Udongo wa kufukia shindilia tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15, pande zote mbili kwa pamoja, bomba lisisogee. Mdomo wa kutokea maji upangiwe mawe, ndipo mmomonyoko unapoanzia. Barabara ikiwa ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, usichimbe kabla ya kuongea na meneja wao wa wilaya. Na kazi iwe kiangazi.