Jibu: taa ya injini ya Toyota IST inafutwa, baada ya siku tatu inarudi na P0171

Mkuu, kufuta msimbo (namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari) si kutengeneza gari. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi mno kulinganisha na petroli, na usipoondoa chanzo taa itarudi tu. Usikubali kuuziwa sensa ya oksijeni kwanza. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayosema ukweli.

Mwambie fundi aache kufuta, afungue data za moja kwa moja kwenye mashine ya kupimia asome fuel trim (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), injini ikiwa ya moto. Ile ya muda mfupi na ya muda mrefu zijumlishwe. Ndani ya 10%, juu au chini, haina shida. Ikiwa +25 kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) halafu inashuka ukipandisha hadi 2500 rpm, kuna hewa inavuja baada ya sensa ya hewa (MAF, inayopima hewa inayoingia). Kagua mpira mkubwa unaotoka kwenye eya klina: ukunje kwa mkono, ufa hujificha ndani ya mikunjo na hauonekani ukiwa umetulia. Angalia pia kimpira cha PCV (vali inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi) na gasketi ya manifoldi.

Fuel trim ikipanda kadiri unavyokanyaga, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Usitumie petroli, usiguse kiwaya chake cha ndani, iache ikauke kabisa. Isipobadilika, pima presha ya pampu na chujio la mafuta.

Taa ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, silinda inamisi (haichomi petroli sawasawa). Punguza mwendo, paki: petroli isiyoungua inaunguza masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi).