The Weavers: Walivunjika Mara Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni waimbaji wanne na tunajifunza "Wimoweh" wa The Weavers, kikundi cha nyimbo za asili cha Marekani. Walipangaje sauti? Na ni kweli walisambaratika kwa ugomvi? – Mwanakwaya, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na sauti. Lee Hays alishika sauti ya nne, Fred Hellerman baritoni (kati ya sauti ya tatu na ya nne) na gitaa, Ronnie Gilbert sauti ya pili, Pete Seeger sauti ya tatu na banjo. Katika "Wimoweh" sauti za chini hurudia neno hilo bila kukatika, huku Seeger akipaa juu kwa sauti ya kichwa. Chini pakilegea, wa juu hana pa kukanyaga. Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya chini peke yake kwanza, polepole, mkipokezana pumzi ili mlio usikatike.

Neno lenyewe lilitokana na kusikia vibaya. Solomon Linda aliurekodi wimbo huu Johannesburg mwaka 1939 kwa jina "Mbube", na aliimba "uyimbube", yaani "wewe ni simba" kwa Kizulu. Seeger aliyeunukuu kutoka kwenye santuri akasikia "wimoweh". Mkipanda jukwaani, mtajeni Linda. Ni haki yake.

The Weavers waliungana New York mwaka 1948, na mwaka 1950 "Goodnight, Irene" waliyoimba na okestra ya Gordon Jenkins ilikaa namba moja kwenye chati ya Marekani wiki 13.

Walipovunjika mara ya kwanza, mwaka 1952, hawakuwa wamegombana. Ulikuwa wakati wa kuwasaka wakomunisti. Jina la Seeger lilichapwa mwaka 1950 kwenye Red Channels, kijitabu kilichoorodhesha wasanii walioshukiwa kuwa wakomunisti, na Februari 1952 Harvey Matusow, mtoa habari wa FBI, akawataja kuwa wakomunisti mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Hakuna sheria iliyowazuia kuimba. Ila wenye kumbi walifuta maonyesho, redio zikaacha kupiga nyimbo zao, kampuni yao ya santuri, Decca, ikawatema. Bila kazi, kikundi kikafa. Matusow baadaye alikiri kwamba alikuwa akitoa ushahidi wa uongo.

Mkesha wa Krismasi 1955 walirudi, ukumbi wa Carnegie Hall, New York, ukajaa. Mfarakano wenyewe ulikuja 1958: wenzake Seeger watatu waliridhia kurekodi tangazo la sigara, yeye akapinga, kisha akajitoa. Nafasi yake ilipita kwa Erik Darling, Frank Hamilton, kisha Bernie Krause, mpaka kikundi kikafungwa 1964.

Wanne wa mwanzo waliimba tena pamoja Carnegie Hall Novemba 1980, Hays akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Agosti iliyofuata.