Bunduki, ugonjwa wa akili na lawama: majibu kwa wasomaji

Wiki hii nimepokea ujumbe mwingi kuhusu silaha na wagonjwa wa akili. Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Najibu kwa kadiri kazi yangu inavyonifundisha.

"Kila watu wanapopigwa risasi shuleni kule Marekani, wanasiasa wanasema shida ni wagonjwa wa akili, si bunduki. Ni kweli?" Kijana wa Kadutu

Hapana, kaka. Wagonjwa wa akili wapo kila nchi. Japani wapo, na sisi tunapishana nao kila siku pale Nyawera, hapa Bukavu. Ila Japani wanaouawa kwa risasi mwaka mzima ni wachache mno, na Marekani bunduki zimezidi hata idadi ya watu. Watafiti wa huko walikadiria kwamba magonjwa makubwa ya akili yangetoweka yote, vitendo vya ukatili vingepungua kwa asilimia 4 hivi. Vingine vyote vina baba zake: pombe, wivu, ujambazi, ugomvi wa nyumbani. Ninaowahudumia mimi, mara nyingi wao ndio wanaopigwa. Mwanasiasa akimlaumu mwenda wazimu hapotezi kura hata moja.

"Lakini sheria ya kule haimzuii mgonjwa kununua bunduki? Na ya kwetu?" Mwalimu, Ibanda

Inamzuia tangu 1968, ila inamlenga aliyelazwa kwa amri, au ambaye mahakama imeamua kuwa hana akili timamu. Aliyekwenda kwa daktari kwa hiari yake hayumo. Tena orodha ya waliozuiwa haijiandiki. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja aliua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech. Mwishoni mwa 2005 hakimu alikuwa amesema kijana huyo ni hatari kwa nafsi yake na kuamuru atibiwe, lakini jina halikufika kwenye orodha inayokaguliwa kabla ya kuuza silaha. Akanunua dukani kama mtu yeyote.

Mimi napendelea njia iliyoanzia jimbo la Connecticut, huko huko Marekani, mwaka 1999, na jimbo la Florida likaifuata 2018. Jaji haulizi mtu anaumwa nini, anauliza amesema nini na amefanya nini, kisha silaha inachukuliwa kwa muda. Wanaopinga wanasema huko ni kumnyang'anya mtu haki yake ya kikatiba ya kumiliki silaha kabla hajakosa. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana mwenyewe hupewa kikao cha kujitetea. Hofu yangu ni nyingine: tukianza kumwandika kila aliyemwona daktari, watu wataacha kuja.

Kwetu Kongo kuna sheria ya 1985, raia hawezi kumiliki silaha bila kibali. Bunduki zinazotusumbua Kivu hazikupitia kibali cha yeyote, basi tusipoteze muda hapo.

"Mdogo wangu aliokota bunduki wanajeshi walipokimbia mji Februari 2025. Iko chini ya kitanda. Siku hizi hapati usingizi, anasema majirani wanamsengenya ndani ya ukuta, na kila asubuhi anaifuta kwa kitambaa. Nimnyang'anye?" Dada wa Bagira

Usimnyang'anye, dada. Wala usibishane naye juu ya hizo sauti, kwake ni za kweli. Watoto walale kwa jirani kuanzia leo. Akiielekeza kwa mtu, tokeni nyote nyumbani.

Anzia kwenye usingizi. Mwambie: "Mdogo wangu, umechoka, twende upate dawa ya kulala." Anayekataa kuitwa mgonjwa, mara nyingi hilo hulikubali. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu, mjomba au padri, msimwendee kundi zima. SOSAME, kituo cha kutibu magonjwa ya akili, iko hapa hapa Bukavu na imezoea watu wa namna yake.

Bunduki ishughulikiwe akiwa hayupo, na aliyewahi kufanya kazi ya silaha, aondoe risasi kwanza. Isitoke mlangoni kabla chefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, hajajua na anayeipokea hajakubali. Nimesikia watu wakishauri uifunge ndani ya kitenge uibebe kichwani kama mzigo wa soko. Usithubutu! Ukikutwa nayo njiani, hakuna atakayesubiri maelezo yako.

"Mume wangu ni polisi, anarudi na bunduki nyumbani. Tangu mwenzake afe anakunywa, na juzi alisema heri apumzike moja kwa moja. Nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitamtia wazo?" Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Muulize, mama, na neno lenyewe ulitamke. Wazo kama analo, analo tayari. Wewe unampa pa kulisemea. Marekani mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Hao televisheni haiwaonyeshi. Saa ile mbaya mara nyingi hupita, na aliyemeza vidonge anaweza kuwahiwa hospitalini. Risasi haikupi nafasi hiyo.

Kwa hiyo bunduki ilale kazini. Nenda na kaka yake mkubwa kwa mkuu wake. Ukiogopa atafukuzwa, sema tu kwamba hapati usingizi na nyumbani kuna watoto. Atakasirika kwamba umemwaibisha. Mwache akasirike. Usiku akiwa amelewa asibaki peke yake, na kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, hapo Lubumbashi, mpeleke asubuhi, kabla hajaonja chupa.