Nikicheka, mkojo unanitoka

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38 na watoto wanne. Tangu nijifungue huyu wa mwisho, nikikohoa, nikicheka au nikijitwisha ndoo, mkojo unanitoka. Nimepunguza kunywa maji, na kwenye sherehe siendi tena. Mama mkwe anasema ndio uzazi, nivumilie. Nifanyeje? Mama Wanne, Tanga."

Marahaba, mwanangu. Kwamba chanzo ni uzazi, mama mkwe wako huenda amesema kweli. La kuvumilia silikubali. Mimba na kujifungua hulegeza misuli ya chini ya nyonga, ambayo hukishikilia kibofu na kusaidia kuufunga mrija wa mkojo, na ndiyo maana tumbo likikazwa ghafla na kikohozi au ndoo, misuli hiyo huzidiwa na mkojo ukaponyoka.

Misuli iliyolegea hurudishiwa nguvu kwa mazoezi. Kaa kitini, ubane kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ukiivuta misuli kwenda juu bila kukaza makalio wala kuziba pumzi. Shikilia sekunde chache, legeza kabisa, kisha urudie mara 8 hadi 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Usifanye zoezi hili wakati wa kukojoa. Usikate tamaa mapema, kwani nafuu huhitaji kama miezi mitatu. Vilevile, kabla ya kuinua ndoo au kikohozi kinapokujia, bana kwanza.

Maji usijinyime, kwa sababu mkojo mzito hukisumbua kibofu, na choo kigumu hukufanya ujikamue na kuzidi kuilegeza misuli hiyo hiyo. Kama ni kupunguza, punguza kahawa na chai.

Hata hivyo, nenda hospitali upimwe mkojo na sukari, na uangaliwe kama kizazi hakijashuka. Na ikiwa mkojo hutiririka mchana na usiku hata usipokohoa, hasa kama uchungu wako wa kujifungua ulikuwa wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haizibwi na mazoezi bali kwa kawaida huhitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo.

Sherehe nazo nenda. Pedi za hedhi hazinyonyi mkojo vizuri, hivyo ulizia zile za mkojo kwenye duka la dawa, na uweke kanga ya akiba mkobani.