Idadi ya wazazi si hoja: nani huamka usiku?

Mwenzetu anayeandika hadithi ya sayari ya mbali ameuliza kama msomaji wa Kiswahili atakubali mtoto mwenye wazazi watatu au watano. Mimi nilizaliwa Mkomani, Lamu, katika nyumba iliyounganishwa na ya mama mkubwa kwa wikio, yaani daraja la chumba juu ya kichochoro, na kwa miaka mingi sikujua kwa yakini ni yupi kati ya wale wawili aliyenizaa, kwa kuwa wote niliwaita mama na wote walinichapa.

Kwa hiyo nilipomsoma Octavia Butler, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi, ambaye katika riwaya ya Adulthood Rites (1988) anampa mtoto Akin wazazi watano, yaani binadamu wawili, Oankali wawili (viumbe kutoka nje ya dunia), mume na mke, na ooloi, Oankali asiyekuwa mume wala mke, hesabu hiyo haikunishtua. Kilichoniuma ni kwamba Akin anaibwa angali mchanga, akakosa kufunga undugu na yule ndugu aliyekusudiwa akue naye.

Ursula Le Guin, katika The Left Hand of Darkness (1969), ana watu ambao aliyezaa jana aweza kuwa baba kesho. Wazo ni zuri mno, ila malezi yenyewe hatuyaoni sana.

Anayenikaribia zaidi ni Marge Piercy. Katika Woman on the Edge of Time (1976) mimba hulelewa na mashine, kila mtoto ana mama watatu, na wanaume nao hunyonyesha. Wengi hucheka wafikapo hapo. Lakini kwetu maziwa ni nasaba: jirani alininyonyesha mama alipougua, na bintiye ni dada yangu ambaye hata leo siwezi kumuoa. Kumpa mwanamume maziwa, basi, ni kumtia katika undugu ambao mjomba wangu, aliyekuwa na kauli juu ya kila jambo letu ila hakufua winda hata moja, hakuwahi kuugharimia.

Ndiyo maana nakushauri uache kuhesabu wazazi, utuonyeshe kazi. Nikishikwa na homa usiku, mama mkubwa alivuka wikio na kandili mkononi, akamkuta mama keshaloweka kitambaa, wakaanza kubishana kwa kunong'ona nilale kwa nani. Mjomba alikuwa chumba cha pili, na mkoromo wake tuliusikia sote.