Zulia limefuliwa, uvundo umerudi

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Shangani, Mtwara. Zulia la sebuleni linanuka uvundo, na nikilifunua, kwa chini lina madoa meusi. Nimeshalifua na kulianika juani, lakini haupiti mwezi yanarudi. Mwanangu ana pumu. Nimwagie Jik?

JIBU: Marahaba dada, pole na mtoto. Jik iache. Itapausha rangi na haitafika kwenye nyuzi za ukungu zilizozama ndani. Na usije ukaichanganya na siki: hutoa gesi ya klorini, inayobana kifua cha mtu mzima, sembuse cha mtoto mwenye pumu.

Kinachonishtua ni madoa kuwa upande wa chini. Hapo naishuku sakafu. Kama zege lilimwagwa bila kutandikwa nailoni, unyevu wa ardhini hupanda taratibu kupitia saruji, nalo zulia huuzuia kutoka. Utafua mpaka uchoke.

Pima hivi. Sakafu ikiwa kavu, chukua kipande cha nailoni angavu, kama futi moja kila upande, ukibandike kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache hadi kesho saa ileile. Ukikuta matone kwa ndani, au saruji ya chini yake imekolea rangi kuliko ya pembeni, maji yanatoka chini. Tazama pia ukutani karibu na sakafu: rangi kubabuka na chumvi nyeupe ni dalili ileile.

Ikiwa ni hivyo, zulia lisirudi hapo, wala usiweke kapeti la plastiki, maana hilo huziba kabisa. Tandika mkeka wa ukindu, uunyanyue kila asubuhi sakafu ipumue.

Nailoni ikiwa kavu, basi ni unyevu wa hewa, ambao kwetu huku husumbua zaidi Desemba hadi Aprili. Fungua madirisha mvua ikikatika, washa feni, na maji yakimwagika hakikisha zulia limekauka ndani ya saa 24, zisizidi 48.

Kusafisha: litoe nje mtoto akiwa mbali, vaa barakoa, lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, likauke pande zote mbili. Sponji ya chini yenye ukungu haioshwi, tupa. Na zulia lenyewe likinuka tena baada ya kukauka kabisa, kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu mimi ningelitupa pia, hata kama ni la bei.